Jenereta Yenye Volti Ndogo Hula Faida Kimyakimya

WAFANYABIASHARA wengi wa miji midogo kama Kimuli, wilayani Kyerwa, huweka jenereta ya petroli nyuma ya duka kwa ajili ya saa ambazo umeme umekatika. Tahadhari hiyo ina historia. Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulitegemea umeme kutoka Uganda kupitia njia ya Masaka hadi Kyaka, na hitilafu upande mmoja wa mpaka iliweza kufunga biashara upande wa pili.

Jenereta ikikataa kuwaka, mwenye duka hupoteza mauzo ya siku hiyo na kumwita fundi. Ile inayowaka lakini ikatoa volti ndogo ndiyo yenye hasara kubwa zaidi. Taa zinawaka, redio inaimba, na mwenye mali anaamini kazi inaendelea, kumbe friji ya soda inaungua polepole.

Hasara inavyoingia

Vifaa vinavyouzwa nchini hutengenezwa kwa volti 230 na hezi 50. Nguvu ya mota kuanza kuzunguka hupungua haraka kuliko volti zenyewe, kwa sababu hufuata mraba wake. Volti zikishuka hadi 180, yaani asilimia 78 ya kawaida, nguvu hiyo hubaki kama asilimia 61. Kompresa ya friji hushindwa kuanza, hunguruma, huvuta umeme mwingi na koili zake hupata joto hadi kuungua. Kwa hiyo kasoro ndogo ya jenereta hugeuka kuwa gharama ya friji nzima.

Pima kwanza, nunua baadaye

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kununua kipuri, au jenereta kubwa zaidi, kabla ya kupima. Mita ya kupimia umeme ni chombo cha bei ndogo kikilinganishwa na hasara hiyo. Chomoa mizigo yote, washa mashine, iache ipate joto, kisha pima kwenye soketi ya jenereta yenyewe. Mashine nzima isiyo na mzigo hutoa kama volti 230 hadi 240, na hezi 50 hadi 53. Matokeo yako matatu.

La kwanza: volti ni nzuri kwenye jenereta lakini ni ndogo dukani. Hapo mwenye makosa ni waya. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, wenye urefu wa meta 50 na kubeba ampea 10, hupoteza volti 12 hivi njiani. Ukitumia wa milimita 2.5 hupoteza 7 hivi. Waya mwembamba wa ekstensheni uliounganishwa vipande vipande hupoteza zaidi, na viungo vyake hupata moto.

La pili: volti ni nzuri bila mzigo, lakini zinaanguka unapowasha vifaa. Mara nyingi mashine imezidiwa. Jenereta ya kVA 2.5 hutoa kilowati 2 kwa kawaida, si 2.5. Tena injini hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila meta 300 za mwinuko, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Ziwa Victoria lenyewe liko meta 1,134 juu ya bahari, na vilima vya Karagwe na Kyerwa viko juu zaidi. Kwenye meta 1,500 upungufu ni kama asilimia 17, hivyo kilowati 2 zilizoandikwa kwenye kibati hubaki kama 1.65.

Chukua mfano wa saluni yenye draya ya wati 1,200 na friji ya wati 150. Ukijumlisha unapata 1,350, na inaonekana inatosha. Lakini friji inapoanza huweza kuvuta mara tano ya kiwango chake, yaani wati 750. Jumla ni 1,950, na jenereta imeshapita uwezo wake. Dawa yake haihitaji fedha: washa friji kwanza, ikitulia ndipo uwashe draya, na uizime draya kila friji inapokaribia kuanza tena. Kama mzigo ni mdogo na bado volti zinaanguka, safisha chujio la hewa, kagua plagi na osha kabureta.

La tatu: volti ni ndogo hata bila mzigo. Kwanza tazama kibati na swichi. Zipo mashine zenye swichi ya 110 na 220, na zipo zilizotumika Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100. Hizo si mbovu, ila hazifai hapa. Kisha soma hezi. Jenereta nyingi ndogo hutakiwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa hezi 50. Hezi zikiwa 45, tatizo liko kwenye injini au gavana. Hezi zikiwa sawa na volti zikabaki ndogo, tatizo liko upande wa umeme: kapasita iliyochoka, au kwa mashine zenye kidhibiti volti, kidhibiti chenyewe au kaboni zilizoisha. Kapasita huhifadhi umeme hata mashine ikiwa imezimwa, kwa hiyo kazi hiyo mwachie fundi.

Onyo kuhusu kukaza gavana

Wapo mafundi wanaokaza gavana ili injini ikimbie na volti zipande. Usikubali kabla hezi hazijapimwa. Kama hezi tayari ni 50, njia hiyo huficha kapasita mbovu, huongeza ulaji wa petroli na huchakaza injini. Siku kapasita itakapobadilishwa bila gavana kurudishwa, volti zitapita kiasi na kuunguza vifaa.

Kutengeneza au kununua?

Kapasita, kaboni na kidhibiti volti ni vipuri vya kawaida, na kuvibadilisha hulipa karibu kila mara. Koili zikiungua hesabu hubadilika: omba bei ya kusuka upya, ongeza mauzo utakayopoteza ukisubiri, kisha linganisha na bei ya mashine mpya.

Anayenunua jenereta iliyotumika asiridhike na taa moja kuwaka. Aende na mita pamoja na pasi ya wati 1,000, na aiache mashine ifanye kazi nusu saa. Volti zikishuka chini ya 210, bei ishuke nayo, au mnunuzi aondoke na fedha zake.