Malaria: je, mwili wako bado unaikumbuka?

Likizo ya Desemba inakaribia na baadhi ya familia zetu zimeshakata tiketi za kwenda Kilifi, Tanga, Kisumu au Uvira. Wazazi wengi husema, "Mimi nimekulia kule, malaria hainiwezi." Wakati ule huenda ilikuwa kweli.

Kumbukumbu ya mwili imo katika chembe nyeupe za damu, na aliyetusaidia kuzielewa alisomea udaktari hapa hapa, Chuo Kikuu cha Sydney. Anaitwa Jacques Miller. Mwaka 1961, akiwa London, aliwaondoa panya wachanga thaimasi, tezi ya kifuani ambayo wengi waliidhania haina kazi. Panya hao wakawa hawana nguvu ya kupambana na maambukizi. Baadaye kule Melbourne, yeye na mwanafunzi wake Graham Mitchell walionyesha kuwa kuna makundi mawili ya chembe hizi, nayo husaidiana: seli T, zinazokomaa katika thaimasi, na seli B, zinazotoka kwenye uboho wa mifupa na kutengeneza kingamwili.

Vita vikiisha, baadhi ya seli hubaki na kumbukumbu ya adui. Ndiyo maana aliyeugua surua mara moja kwa kawaida haiugui tena. Malaria ni mjanja zaidi. Kimelea chake hatari, falsiparamu, hujificha kwanza ndani ya ini, kisha huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzivisha protini yake. Ana jeni kama 60 za protini hiyo, kwa hiyo ni sawa na mwizi mwenye makoti 60: mlinzi akilizoea moja, yeye amevaa jingine. Mtoto wa Kilifi hujifunza makoti hayo kwa kuumwa na mbu mwaka baada ya mwaka, na kujifunza huko kuna gharama kubwa.

Watafiti wa Kilifi waliwadunga watu wazima waliojitolea vimelea hai, chini ya uangalizi mkali. Baadhi walihitaji dawa upesi. Wengine miili yao ilivizuia vimelea yenyewe. Kingamwili walizopata kutokana na malaria ya zamani zilichangia tofauti hiyo.

Lakini kingamwili hizo hupungua mtu asipokutana tena na vimelea, na Australia ilitangazwa kuwa haina malaria tangu 1981. Miaka kumi ya Blacktown au Auburn ni mingi. Seli chache za kumbukumbu zinaweza kubaki, ila hakuna daktari atakayekuahidi kwamba zinatosha. Aliyekulia katikati ya Nairobi huenda hata hakuwahi kuwa na kinga hiyo. Na watoto wetu waliozaliwa hapa hawana kabisa.

Chanjo je? Ya R21, iliyojaribiwa Kilifi na Bagamoyo pia, ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, lakini ni kwa watoto wanaoishi penye malaria, si kwa wasafiri. Kwa hiyo nendeni kwa daktari wenu wiki kadhaa kabla ya safari mkaulizie vidonge vya kinga. Vingine huanza kumezwa kabla ya kuondoka na huendelea baada ya kurudi. Chandarua ni kwa bibi na wajukuu vilevile.

Mkisharudi, homa yoyote, hata baada ya wiki kadhaa, si ya kusubiri Jumatatu. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo, na sentensi ya kwanza iwe: "Tumetoka Afrika Mashariki, tunaomba kipimo cha malaria."