Picha Safi, Kifua Kinabana

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Zombo, kule Kilosa. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana miaka 13. Usiku anakohoa, kifua kinapiga miluzi, na watu wakianza kuchoma mashamba ndiyo balaa kabisa. Mama mdogo akauza mahindi, akampeleka hospitali, akapigwa picha ya kifua. Majibu: mapafu safi. Mama mdogo akarudi na ile bahasha ya kaki kaishika kama cheti cha kuhitimu. "Hana kitu huyu, ni uvivu wa shule tu." Pampu aliyokuwa akivuta ikawekwa juu ya kabati.

Usiku wa tatu mtoto hakuweza kumaliza sentensi. Anasema neno moja, anavuta hewa, anasema lingine. Tulitafuta bodaboda saa nane za usiku. Kituoni wakamvutisha dawa, kifua kikafunguka, na mganga wa zamu akauliza kwa upole: "Pampu yake iko wapi?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza na kusoma, maana hata mimi, mwanachuo mzima, niliamini ile bahasha.

Eksirei aliigundua Wilhelm Röntgen, Mjerumani, Novemba 1895. Mionzi inapita mwilini, na kila kitu kinaizuia kwa kiasi chake. Mfupa unazuia sana, unatoka mweupe. Hewa haizuii sana, ndiyo maana mapafu mazima yanatoka meusi. Pafu likijaa usaha au maji, pale panakuwa na weupe usiotakiwa. Kwa hiyo picha ni nzuri kwa kuonyesha kitu kilichokaa mahali ambapo hewa ilitakiwa iwepo.

Sasa pumu haikai hivyo. Pumu iko kwenye vijiti vya hewa: kuta zinavimba, misuli inakaza, ute unaziba. Vingi ni vidogo mno kuonekana kwenye picha, tena vinabana na kuachia. Asubuhi mtoto anapumua vizuri, usiku anahangaika. Kumpiga picha asubuhi ili kujua kama ana pumu ni sawa na kumpiga picha mtu aliyenyamaza ili ujue kama anajua kuimba. Wakati wa shambulio kali picha inaweza kuonyesha mapafu yaliyojaa hewa kupita kiasi na kiwambo kilichosukumwa chini kikawa bapa, lakini wagonjwa wengi wa pumu picha zao ni za kawaida tu.

Basi daktari anaiagiza ya nini? Anatafuta kingine. Si kila mluzi ni pumu. Kuna nimonia. Kuna hewa iliyovuja nje ya pafu na kulikandamiza. Kuna mtoto aliyepaliwa na karanga: karanga yenyewe mara nyingi haionekani, ila pafu la upande mmoja linaweza kuvimba au kusinyaa. Kwa wazee kuna moyo uliotanuka, na kwa wachimba migodi kuna vumbi la mawe lililoganda mapafuni.

Halafu kuna kifua kikuu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Picha ni hodari kuonyesha kivuli, lakini kivuli hakina jina. Kovu la zamani na ugonjwa mpya vinaweza kufanana, ndiyo maana mtu anaombwa makohozi yapimwe, kwa mfano kwenye mashine ya GeneXpert. (Pale Morogoro mjini, Chuo Kikuu cha Sokoine, kuna hata panya buku waliofundishwa kuyanusa. Si utani.) Mwaka 2021 Shirika hilo lilikubali pia programu za kompyuta zisome picha za kifua kuchuja wenye dalili za kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Mdogo wangu asingehusika.

Pumu yenyewe inatafutwa kwa maswali na kwa pumzi. Unakohoa saa ngapi? Moshi unakufanyaje? Kisha unapuliza kwa nguvu kwenye kifaa, unavuta dawa, unapuliza tena. Kwa mtu mzima, hewa anayotoa katika sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa asilimia 12 na mililita 200 au zaidi, hiyo ni dalili kubwa ya pumu. Kazi hiyo picha haiwezi.

Wanaoogopa mionzi: picha moja ya kifua ni kama milisiveti 0.1, karibu sawa na mionzi ya asili tunayopata kwa siku kumi. Mjamzito aseme mapema. Sitiskani ya kifua ni mara nyingi zaidi ya hapo, hiyo haiombwi kwa kujaribu jaribu.

Na sisi wa ualimu, tunaokwenda kukaa na darasa la watoto 80: mtoto akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, usimlaze. Mkalishe wima, mpe pampu yake ya kufungua kifua, tafuta usafiri. Picha ya mwezi uliopita isikufanye useme anaigiza.

Bahasha ya mama mdogo sasa ndiyo iko juu ya kabati. Pampu iko kwenye mfuko wa pembeni wa begi la shule, na mwalimu wake wa darasa ameonyeshwa mfuko upi.