Nyota na Nukta



Muhula uliopita niliandika programu ya kufuta faili za zamani za vipimo vya maji ya Bwawa la Mtera. Kwa desturi tungeziita kina-*.txt: nyota husimama badala ya herufi zozote, nayo alama ya kuuliza badala ya herufi moja tu. Lakini programu yangu ilitaka rejeksi, lugha ya vigezo iliyotokana na maandishi ya Mmarekani Stephen Kleene ya mwaka 1956. Humo nukta ndiyo herufi moja yoyote, na nyota huamuru kilichotangulia kirudiwe, hata mara sifuri.

Yafaa kutafsiri kwa utaratibu huu:

1. Mbele ya kila nukta ya asili weka mkwaju wa nyuma: \. Fanya hivyo kwa + na mabano pia.
2. Geuza * iwe .*
3. Geuza ? iwe .
4. Weka ^ mwanzoni na $ mwishoni.

Hivyo tunapata ^kina-.*\.txt$

Mimi nilianza na nyota. Nilipofika kwenye nukta, hata ile niliyoiweka mwenyewe ikapata mkwaju, na hakuna faili iliyopatikana. Niliposahihisha, nikasahau $. Programu ikafuta kina-3.txt, na pamoja nayo kina-3.txt.nakala, niliyotaka kuitunza! Ilinibidi kunakili vipimo vyote upya kutoka daftarini.

Basi, wenzangu, kwanza iambieni programu ionyeshe majina. Kufuta kuje baadaye.