Kompyuta ya michezo Diff: anza na hesabu ya umeme
Kijana wa Diff, Wajir Kusini, anayenuia kujiundia kompyuta ya michezo kwa mara ya kwanza hana budi kutanguliza hesabu ya umeme, si kasi. Kadi ya michoro ya RTX 4090 pekee yaweza kufyonza wati 450. Sola ndogo ya nyumbani haitaihimili. Prosesa ya Ryzen 5 5600G, yenye michoro ndani yake, imekadiriwa wati 65. Huazima kumbukumbu ya kompyuta, hivyo afadhali vipande 2 kuliko kimoja. Pawasaplai hafifu ikiungua huenda ikateketeza ubao mama. Kasha nalo liwe na vichujio. Vumbi la huko halina simile. Ubao uwe wa soketi ya AM4, la sivyo kuurudisha Barabara ya Luthuli, Nairobi, ni safari ya mamia ya kilomita.