KAZI ZA HABARI ZA KIDIJITALI NA VIJANA WA SKULI

Wanafunzi wanapoulizwa juu ya kazi za televisheni humtaja mtangazaji tu, kwani ndiye anayeonekana. Nyuma yake wamo mpiga picha, fundi wa sauti na mhariri wa picha. Ipo pia kazi isiyotajwa sana, nayo ni kuhamishia kanda za zamani katika kompyuta. Televisheni ya rangi ilianza Zanzibar katika miaka ya 1970, na utepe wa sumaku huharibika kwa joto na unyevunyevu. Taarabu na hotuba zilizomo zikipotea hazirudi. Kazi hiyo yataka sikio, subira na Kiswahili fasaha cha kuandikia maelezo ya kila kanda. Wazee wanaombwa wasiwazuie watoto wenye mwelekeo huo kwa kudhani ni mchezo. Mafunzo ya habari na ya kompyuta yanatolewa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA).