Juisi ya Miwa, Barafu na Maji ya Mlima Meru

Kipindupindu kilipozuka Soho, London, mwaka 1854, daktari John Snow alifuatilia vifo hadi kwenye pampu moja ya maji ya Broad Street. Katika taarifa yake alieleza kwamba maji hayohayo yaliuzwa pia katika vijiduka, yakitiwa kijiko cha unga wa kutoa povu na kupewa jina lenye asili moja na sharubati yetu. Mnywaji hakujua kwamba alikunywa maji ya pampu ile.

Hapa Arusha, mwuza juisi ya miwa wa Soko Kuu au Kilombero hukamua mbele ya mteja, pamoja na ndimu na tangawizi. Maji ya muwa wenyewe hayakuchotwa kisimani. Hatari huingia kupitia maji ya kuoshea miwa na glasi, mikono, nzi, na hasa barafu. Wengi hudhani ubaridi huua vimelea. Kumbe vimelea vya kipindupindu huweza kudumu hai ndani ya barafu. Ndimu nayo si kinga ya kutegemewa.

Basi maji yachemshwe kabla ya kugandishwa. Kwa kipindupindu na homa ya matumbo, jibu hilo latosha. Lakini Meru ni mlima wa volkano, na chemchemi na visima vyake vingi vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Maji yakichemka, mvuke hupaa na floraidi hubaki, ikizidi kukolea katika maji yaliyosalia. Kwa hiyo chai ya birika la moto, iliyo salama kwa kipindupindu, yaweza kuwa na floraidi nyingi. Majani ya chai nayo huongeza yake.

Kikombe kimoja hakimdhuru mtu mzima. Anayeumia mapema ni mtoto ambaye meno yake ya kudumu yangali yanajengeka, hadi umri wa takriban miaka 8. Rangi ya kahawia tuionayo si uchafu, wala mswaki hauiondoi. Unywaji wa miaka mingi huweza kukakamaza mifupa na viungo.

Floraidi hupunguzwa kwa kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa, njia iliyoendelezwa katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, au huepukwa kwa kutumia maji ya mvua.

Mzazi anayemnunulia mtoto kinywaji kila siku na aulize: barafu hii ni ya maji yaliyochemshwa? Na maji yenyewe yametoka wapi? Swali la pili huenda likamshinda hata mwuzaji, ikiwa naye hununua maji kwa dumu kutoka kwa mwenye mkokoteni.