Kiwanja Pemba: sahihi ya sheha haitoshi

Msimu wa karafuu unapomalizika, sehemu ya fedha zinazotoka katika vituo vya ZSTC huishia kwenye saruji, mabati na viwanja vya kando ya barabara. Kwa mfanyabiashara wa Chake Chake, Wete au Mkoani, kiwanja ndiyo benki anayoiamini. Na mahitaji yanakua: sensa ya 2012 ilihesabu watu 406,000 hivi kisiwani Pemba, na ile ya 2022 ikahesabu 543,000 hivi. Ni ongezeko la theluthi moja katika miaka 10, juu ya ardhi ile ile.

Lakini bei ya kiwanja haipangwi na mahitaji peke yake. Inapangwa pia na sheria, na sheria hizo zina wasimamizi wawili: Serikali Kuu na Baraza la Mji. Asiyejua nani ana nguvu wapi anaweza kununua kesi badala ya kiwanja.

ARDHI NI YA NANI?

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilitaifishwa, na zaidi ya familia 20,000 za Unguja na Pemba zikagaiwa eka tatu tatu. Sheria ya Umiliki wa Ardhi Nambari 12 ya 1992 iliendeleza msingi huo: ardhi ni mali ya umma chini ya Rais, na Mzanzibari hupewa haki ya matumizi. Kinachouzwa sokoni, basi, si ardhi yenyewe bali haki ya kuitumia na kilichojengwa juu yake. Hata mikarafuu iliyomo, kwa desturi ya Pemba, inaweza kuwa na mwenyewe mwingine.

Uuzaji nao una mlango wake. Sheria ya Uhaulishaji Ardhi ya 1994 iliunda Bodi ya kuidhinisha mauzo na ukodishaji wa muda mrefu. Karatasi iliyoandikwa mbele ya sheha ni ushahidi kwamba watu wawili walikubaliana. Siyo hati.

RAMANI INACHORWA WAPI?

Msingi wa mipango miji uliwekwa na sheria ya 1955, ya zama za ukoloni, iliyoacha uamuzi wa ramani mikononi mwa Serikali Kuu. Sheria ya Serikali za Mitaa Nambari 7 ya 2014 iliyapa Mabaraza kazi nyingi: usafi, masoko, ada, na kupambana na ujenzi holela. Lakini ramani ya matumizi ya ardhi bado ni kazi ya Wizara yenye dhamana ya ardhi. Kwa maneno mengine, Baraza ni mlinzi wa mpango ambao halikuuchora.

Mwaka huo huo wa 2014 ilipitishwa sheria ya kuunda Shirika la Nyumba Zanzibar, ambalo husimamia nyumba za Serikali, zikiwemo nyumba za maendeleo, na lina jukumu la kujenga nyingine za kuuza na kukodisha. Kabla yake, sheria ya 2010 ya nyumba za fleti iliwezesha kila fleti kusajiliwa peke yake. Uamuzi wa kujenga majumba ya aina hiyo unapotoka juu, Baraza hubakia na taka, mitaro na msongamano wa magari. Mwenye duka jirani hupata wateja. Mwenye vyumba vya kupangisha hupata mshindani.

Si Zanzibar peke yake. Jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria 2021 inayoruhusu nyumba mbili katika kiwanja cha nyumba moja, hata pale kanuni za mji zinapokataa, na miji kadhaa ikalalamika. Tofauti ni kwamba miji ile ilikuwa na mamlaka ya ramani ikapunguziwa. Mabaraza ya Pemba hayajawahi kuwa nayo.

HESABU YA MNUNUZI

Tuseme muuza duka wa Wete anaoneshwa viwanja viwili vilivyo sawa kwa ukubwa. Kimoja kimepimwa na kusajiliwa, bei yake milioni 12. Cha pili kina karatasi ya sheha tu, bei milioni 7. Dalali atamwambia anaokoa milioni 5. Kwa kweli ile milioni 5 ni bei ya hatari: kwamba eneo limetengwa kwa skuli, au liko ndani ya hifadhi ya barabara, au ni eka tatu ambayo warithi hawajakubaliana. Msingi ukishasimama, alama nyekundu ukutani haiulizi umelipa kiasi gani.

Kabla ya kutoa fedha, uliza mambo manne. Ofisi ya ardhi: eneo limepangiwa matumizi gani, na limesajiliwa kwa jina la nani? Warithi: wote wameridhia? Bodi ya Uhaulishaji: mauzo yatapita? Baraza la Mji: kibali cha jengo unalolitaka, duka au nyumba, kinawezekana hapo?

Majibu hayo yanaweza kuchukua wiki kadhaa, na dalali atasema kuna mteja mwingine anasubiri. Mwache amchukue. Mgogoro ukifika Mahakama ya Ardhi, fedha yako italala muda mrefu kuliko wiki hizo, na haitazaa kitu.